Mnaazimishaje vitabu vya Kiswahili huku ughaibuni bila kuvipoteza na bila kukosana na watu?

Binti Muheza (Leicester, Uingereza)

Habari zenu wadau, wakubwa zangu shikamooni. Naomba ushauri wa jambo ambalo wengine mtaliona dogo ila mimi linaninyima raha.

Niko Leicester muda mrefu sasa, kazi yangu kuangalia wazee, na sebuleni kwangu kuna kabati la vitabu vya Kiswahili. Lilianza na vile vichache alivyonipa marehemu baba wakati naondoka, yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sasa hivi kabati limejaa, vingine vimepanda juu ya kabati, vingine viko kwenye maboksi chini ya ngazi. Kila nikienda nyumbani lazima nirudi navyo, duka la vitabu la TPH pale Samora, Dar, ndio kituo cha kwanza, halafu nazunguka kwa wale wa vitabu vya mtumba wanaopanga chini kule Posta, halafu usiku wa kuamkia safari inaanza vita ya mizani, begi mwisho kilo 23, mama anataka nibebe dagaa na unga wa muhogo mimi nataka nibebe vitabu, tunagawana nusu kwa nusu na vinavyobaki natia kwenye mifuko ya koti napanda navyo ndege.

Sikutegemea kabisa kwamba hilo kabati ndio lingenipa watu. Kuna mzee mmoja wa Kihindi jirani yangu, familia yake ilikuja hapa 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, Leicester wako wengi sana. Tulikuwa tunasalimiana juujuu tu. Siku moja kaja kuniletea kifurushi changu kilichoachwa kwake, mlango uko wazi, macho yake yakatua kwenye kabati, akaingia taratibu akaanza kusoma majina ya vitabu kwa sauti kimoja kimoja, kwa Kiswahili chake cha dukani Jinja, akifika kwenye neno asilolijua ananigeukia. Chai niliyomwekea ilipoa hajaigusa. Toka hapo ni rafiki yangu, anakuja Jumapili, anachukua kimoja anarudisha kimoja, na kabla hajakifungua anakivalisha kava la gazeti kisichafuke. Kuna dada wa Mombasa, kuna mama wa Pemba anayesoma mashairi tu hataki kingine, kuna kijana wa Bukavu anafanya kazi usiku ghalani, Kiswahili chake na changu vinapishana njiani lakini kwenye riwaya za upelelezi tunaelewana mwanzo mwisho. Hawa wote nimewapata kwa vitabu, sio kwa harusi wala misiba.

Sasa tatizo. Kuna rafiki yangu mwingine, tulikuwa karibu sana, aliazima Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya kwanza kabisa ya 1971 iliyotolewa na East African Literature Bureau, ya baba. Ndani baba ameandika jina lake na la shule aliyokuwa anafundisha, na pembeni ya kurasa kaandika vineno vyake kwa wino wa buluu anabishana na mwandishi, sehemu nyingine kaandika "hapana!" sehemu nyingine "kweli tupu". Mnakumbuka kile kitabu kilivyopigwa marufuku mashuleni miaka ile, baba alikuwa anakitunza kwa heshima ya pekee. Basi rafiki akahamia mji mwingine, nikimuuliza anasema kipo kwenye maboksi hajafungua, baadae majibu yakaanza kuchelewa, sasa hivi simu hapokei. Sijui kimepotea anaona aibu au vipi. Nimepoteza kitabu na nimepoteza mtu kwa mpigo mmoja, na nikijiuliza kipi kinaniuma zaidi sipati jibu.

Mume wangu anasema nifunge kabati kwa ufunguo yaishe, anayetaka kusoma akae hapa sebuleni. Lakini nikilifunga si nitakuwa nimewafungia nje na watu? Nyie wenye vitabu huko mliko mnafanyaje, mnaandika, mnadai amana, mnachagua wa kumpa? Na kitabu kama kile cha baba kinatoka nyumbani au hakitoki?

Halafu la pili kwa anayejua, ukuta wa nyuma ya kabati unatoka unyevu wakati wa baridi na vitabu vya chini vimeanza kunuka ukungu.

Mhehe wa Saint Paul (Minnesota)

Pole sana dada. Mumeo ana pointi ila ni nusu. Vitabu si vya aina moja, mimi nimevigawa mafungu mawili. Vile ambavyo vikipotea leo kesho naagiza vingine, hivyo vinatoka, mtu achukue hata vitano, simuulizi. Vile visivyonunulika, vyenye mkono wa mtu ndani, vyenye sahihi, matoleo ya zamani, hivyo havivuki mlango hata aje nani, na sivipangi sebuleni, viko chumbani. Mgeni akikiona atakiomba na ukimnyima mbele ya wenzake ataondoka na neno moyoni. Asipokiona hakuna lawama.

Vinavyotoka nafuatilia ila sio kwa daftari. Daftari lilikuwepo zamani likawafanya watu wajisikie wanakopa dukani kwa Mangi, wengine wakaacha kuja. Sasa hivi napiga picha, mtu ameshika kitabu kava linaonekana, naitupia palepale kwenye grupu letu la WhatsApp naandika kwa mfano "Kiu iko kwa fulani", yaani ile riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed. Basi. Picha ni ya kucheka, hakuna anayejisikia kashukiwa, na kitabu kikikaa sana kwake sio mimi ninayeuliza, ni mwingine kwenye grupu anayekitaka, anasema mwenye Kiu ukimaliza mimi ndio nafuata. Kinatoka mkono huu kinaingia mkono ule hakirudi hata kwangu na bado najua kiko wapi. Kuna kimoja kiliondoka hapa Saint Paul kikafika Iowa kikarudi na watu wawili ambao nilikuwa siwajui, wamekuja nacho wenyewe kwa gari, tukala, wakalala, na sasa ni ndugu.

Orodha nzima nimeiweka LibraryThing, ile tovuti ya kuorodhesha vitabu vyako. Vitabu vya karibuni unaskani ile namba ya kitabu nyuma, ISBN, ukishatoa 978 za mbele nyingi za Tanzania zinaanza 9976 au 9987 na nyingi za Kenya 9966. Vya zamani vingi havina hiyo namba kabisa, unaandika mwenyewe jina, mwandishi, mchapaji na mwaka. Inachukua muda ila majira ya baridi ya huku muda upo. Faida yake kubwa mtu akienda nyumbani anakuwa na orodha kwenye simu, hanunui kile ambacho mwenzake anacho, tunanunua kwa kupangana.

Kibao cha Njiapanda (Arusha)

Dada dai kitabu chako. Mpe tarehe. Mtu anayejua ni cha marehemu mzazi wako halafu anazima simu huyo sio wa kumbembeleza.

Bin Kiembe (Muscat)

Assalaam alaykum nyote. Kaka wa Arusha nakuelewa hasira zako ila mie siwezi kumshauri hivyo. Mtu akipoteza kitu cha mwenziwe ambacho hakilipiki aibu humkimbiza mbali kuliko kosa lenyewe. Ukimdai kwa tarehe utamfungia njia ya kurudi. Dada yangu, kama moyo wako unaweza, mpelekee salamu bila ya kutaja kitabu. Mwambie habari za watu, nani kajifungua, nani kaja. Kitabu kama kipo kitarudi kwa njia hiyo upesi zaidi kuliko kwa kudai.

La pili nataka kupingana kidogo na kaka wa Minnesota, kwa heshima. Utaratibu wake mzuri lakini unafaa pale ambapo kila mtu anasoma. Huku kwetu Muscat wenye kusema Kiswahili ni wengi, waliotoka Unguja na Pemba, wengi walikuja baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi akawaita watu warudi, na watoto wao, na sasa wajukuu. Lakini kusema na kusoma mbali mbali. Waliozaliwa hapa wamesomeshwa Kiarabu, Kiswahili wanacho cha jikoni kwa bibi, kizuri sana masikioni, ila ukimpa riwaya nene anaisoma kwa tabu mpaka hamu inamtoka. Mie nilikuwa naazimisha sana, vitabu vinakwenda vinalala majumbani mwa watu, vinarudi salama kabisa na hakuna aliyevifungua. Hivyo havikupotea lakini vimemfaa nani?

Ndio tukaanza kusoma kwa sauti. Alhamisi usiku baada ya Isha, kwa kuwa kesho yake hakuna kazi. Kahawa, halua, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, akichoka anampa mwengine. Kitabu kimoja kinatosha sebule nzima na hakitoki nyumbani. Tumeisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi namna hiyo, ilichukua miezi na miezi kwa sababu kila mtaa wa Mjini ukitajwa wazee wanamsimamisha msomaji. Mmoja anasema hapo pembeni palikuwa na fundi wa saa, mwengine anasema hapana, fundi wa saa alikuwa upande wa pili, hapo palikuwa na muuza vitambaa, nusu saa inakwenda, kahawa inarudishwa motoni, wanatafuta karatasi wanachora njia. Na vijana wamekaa wanaangalia ile karatasi, mji wenyewe baadhi yao hawajaukanyaga.

Kuna kijana mmoja alikuwa anakuja kumleta babu yake tu, anakaa pembeni na simu yake. Siku moja zamu ilimfika babu, akajipapasa mifukoni, miwani kaiwacha nyumbani. Akamsukumia mjukuu kitabu, akamwambia nisomee wewe. Yule kijana alisoma kwa kukwama, anarudi nyuma, anapima neno mdomoni kwanza ndio alitoe, na watu wazima wote kimya, hakuna aliyemsahihisha mpaka alipouliza mwenyewe. Ukurasa wa pili akawa hakwami sana. Sasa yeye ndie msomaji wetu mkuu na ndie aliyeanza kununua vitabu vyake mwenyewe.

Kwa hivyo dada usifunge kabati na wala usiliwache wazi tu, kaeni mbele yake.

Na hilo la ukungu, sie watu wa pwani ya Muscat tunalijua vizuri, mwezi wa saba mtu anazima AC anasafiri, akirudi vitabu vina manyoya. Ukungu unaota unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 65, kanunue kile kipimo kidogo cha unyevu ukiweke ndani ya kabati, ukijitahidi ubaki baina ya 40 na 55 vitabu vitakaa raha. Kabati lisigusane na ukuta, liwache nafasi ya kupita mkono, na kama huo ni ukuta wa nje wa nyumba lihamishie ukuta wa ndani. Vilivyokwisha kunuka vitenge na vyenzake leo leo. Visimamishe wima kurasa zimeachana, pahala pakavu penye feni, usivianike juani kutwa karatasi itageuka rangi na gundi itakatika. Ukungu ukishakauka kabisa, ukabrashi nje ya nyumba kwa brashi laini, umeziba pua na mdomo. Usipanguse kwa kitambaa kibichi, utakuwa unaupanda tena.

Msomaji wa Eastlands (Nairobi)

Sasa watu wangu. Mimi siko majuu, niko hapa Nairobi, lakini nina marafiki huko nje wananitumiaga orodha, mimi nawatafutia vitabu, mtu akisafiri nampatia. Hivyo ndio tumejuana, wengine hatujawahi kuonana uso kwa uso na tunaongea kila wiki.

Wacha niwaambie vile soko iko huku ndio mjue nini ya kufungia na nini ya kupeana. Wachapishaji wetu huchapisha chenye shule zinanunua. Kitabu ikiingia silabasi nakala zinajaa kila pahali, ikitoka zinabaki kwa barabara bei ya chini. Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora ilikuwa ya lazima KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kutoka 2013 hadi 2017, hadi leo ukitembea tao kwa wale wanauza vitabu chini utapata, na ndani kuna penseli ya mwanafunzi, pembeni ameandika "kinaya", chini ameandika "sadfa", pahali pengine ameandika jina ya msichana akaifuta. Mimi naenda nazo hizo hizo kuliko mpya, kuna mtu mwingine alipita hapo mbele yangu akijaribu kuelewa. Hizo ni za kupeana bila wasiwasi dada, jaza begi.

Shida ni riwaya na mashairi ambazo hazikuingia shule ama ziliingia kitambo. Hizo zikiisha zimeisha, unaweza kukaa ukitafuta mwaka. Na ukiona imeandikwa East African Literature Bureau ujue ni mzee, manake Jumuiya ilivunjika 1977 na hiyo ofisi ikaenda nayo, upande wa Kenya ndio ikakuja kuwa Kenya Literature Bureau, KLB. Pia nyingi za miaka hiyo karatasi ilikuwa duni, zinakuwa manjano na zinavunjika kwa kona, hata bila mtu kuzipoteza. Hizo zinataka kushikwa na mikono safi, zilale kwa bahasha ama boksi, zisibanwe kwa shelfu.

Rosa Mistika yenyewe imechapishwa tena na KLB, nikitafuta naweza kukupatia. Kwa hivyo maneno ya Kezilahabi hayajapotea, yenye yamepotea ni ya mzee wako. Na kwa hiyo nina wazo. Nikikutumia nakala, kaa chini na penseli, pole pole, ukifika pahali unakumbuka mzee aliandika kitu, andika vile unakumbuka. Wewe ndio ulikisoma sana baada ya yeye. Fanya sasa kabla hujasahau.

Mama Nuru (Bayreuth, Ujerumani)

Nimependa sana hilo wazo la kaka wa Nairobi, limenigusa.

Naongeza machache tu. Vitabu vilivyobaki vya baba, vyenye maandishi yake, vipige picha ukurasa kwa ukurasa, simu inatosha, mchana karibu na dirisha, kitabu kisilazimishwe kufunguka chote mgongo utapasuka. Weka sehemu mbili, kwenye simu na kwenye kompyuta ya mtu mwingine wa familia. Hiyo ni kumbukumbu ya nyumbani kwenu. Ila jamani tusigeuze kuwa PDF za kusambaza kwenye magrupu, Kezilahabi amefariki 2020 tu, haki zake bado ziko hai, na wachapishaji wetu wenyewe wanauza nakala chache wanajikongoja. Mtu akitaka kitabu kipya anunue, tumchangie nauli ya kukileta.

Pia dada fikiria mbali, watoto wako wanasoma Kiswahili? Kama hapana, andika mahali kwamba vitabu hivi viende wapi siku ukichoka navyo. Nimeshuhudia maboksi ya mzee mmoja Mtanzania hapa Ujerumani yanapelekwa kwenye kontena la karatasi kwa sababu warithi hawakujua ni nini, tuliwahi kuokoa machache. Uingereza mna SOAS, kile chuo cha London, maktaba yao ya Kiswahili ni kubwa, lakini vyuo havipokei tu kila kitu, wanaangalia wasichonacho, kwa hiyo tuma orodha kwanza usitume maboksi. Hiyo orodha ya LibraryThing ya kaka wa Minnesota itakusaidia hapo.

Na ukiweza njoo Bayreuth. Kila mwaka kuna kongamano la Kiswahili hapa, limeanza tangu miaka ya themanini, wanakuja maprofesa lakini hata sisi wasomaji wa kawaida tunakaa nyuma tunasikiliza, na jioni vitabu vinatoka kwenye mabegi. Marafiki zangu wengi wa vitabu nimewapata kwenye hizo jioni, sio kwenye mihadhara.

Kibao cha Njiapanda (Arusha)

Bin Kiembe nimekusoma kaka. Bado naona ana haki ya kuuliza ila sawa, salamu kwanza.

Binti Muheza (Leicester, Uingereza)

Jamani asanteni, nimesoma yote nimesoma na kumsomea mume wangu, hapo kwa miwani ya babu alinyamaza kabisa.

Niwape mrejesho. Jumamosi tumelihamisha kabati, vijana wawili walikuja kusaidia. Nyuma yake rangi imebanduka yote na ukuta uko baridi unalowana ukiweka kiganja, kumbe ndio ukuta wa nje ule. Sasa liko ukuta wa ngazi. Vitabu vya rafu ya chini viko chumba cha wageni vimesimama wazi mbele ya feni, hali mbaya ni vya mashairi kwa sababu ndio vyembamba vilikuwa vimebanana, mama wa Pemba kaja kuviangalia mara mbili kama mgonjwa wodini. Kipimo nimenunua, chumba kile kinasoma 61, mwenye nyumba nimeshamwandikia kuhusu ukuta.

Vya baba vyote nimevitoa sebuleni. Vimebaki vichache, nimeanza kuvipiga picha dirishani. Kwenye kimoja nimekuta risiti ya duka la vitabu Tanga, imefifia, mwaka hausomeki, ila jina lake lipo. Sikuwahi kuiona miaka yote hii kwa sababu ilikuwa katikati kabisa karibu na mshono.

Rafiki yangu nilimtumia picha ya Jumapili, mzee wa Jinja na kijana wa Bukavu wanagombea kitumbua cha mwisho, nikaandika tu "umekosekana hapa". Alikaa kimya siku nzima. Usiku akajibu, kaandika mambo mengi, kaumwa, kazi ilikuwa imeisha, alihama mara nyingine tena. Kitabu hajakitaja na mimi sijakitaja. Amesema atakuja pasaka. Bin Kiembe asante kaka, nisingeandika ile meseji.

La kusoma kwa sauti tumekubaliana Jumapili jioni kwangu. Tulibishana sana kuhusu kitabu cha kuanzia, kijana anataka upelelezi, dada wa Mombasa anataka cha mwandishi mwanamke, mwisho mzee ndio kashinda, tunaanza na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022. Aliposikia kwamba Gurnah yuko hapahapa Uingereza na kachukua Nobel 2021 akasema lazima tumsome kwa Kiswahili, kwa Kiingereza atasoma mwenyewe kitandani. Nilipomwambia mle ndani kuna Kalasinga fundi wa magari ndio kabisa, kasema sura hizo asome yeye hataki mtu amguse. Cha mwandishi mwanamke kinafuata, nimemuahidi dada, nipeni majina wadau.

Kuazimisha kutaendelea kwa mtindo wa picha kwenye grupu, nimeshafungua, limepewa jina Kabati. Mume wangu ndiye admini.

Kaka wa Nairobi, orodha nakutumia leo usiku nikitoka zamu. Rosa Mistika ya KLB hata kama ina penseli ya mtu ndani we chukua, nitaandika kwa wino mwingine. Na Kiu nakala mbili, Nyota ya Rehema ukibahatika. Kuna dada anapita Nairobi mwezi ujao anaelekea huku, ana nafasi ya kilo tano.

Msomaji wa Eastlands (Nairobi)

Tuma. Kesho niko tao asubuhi, ya KLB nitaanzia huko. Nyota ya Rehema kuna mzee mmoja ananiambiaga anayo kwa nyumba, sijui kama atakubali kuiachilia lakini nitakaa na yeye.